Vitabu vya Nje

Mkanda wa kwanza ulikuwa umeshabanwa kwa pini, na chumbani mwake Fundi alikuwa ameinamia cherehani akiupitisha chini ya sindano. Mguu mzima ulikanyaga polepole. Ule wenye goti bovu ulinyooshwa pembeni, kama mgeni ambaye bado hajaambiwa akae wapi. Turubai lilikuwa gumu. Kwa miaka mingi lilitandazwa mbele ya duka lake la ushonaji kuwapa wateja kivuli, mpaka rangi yake ya kijani ikapauka ikawa haina jina. Sasa lilikuwa linageuka kuwa begi la mgongoni. Kando yake kitabu kilikuwa wazi, kimelaliwa na mkasi ili kurasa zisijifunge.

Kitabu hicho kiliandikwa kwa ajili ya watu wanaopanda milima, na kilikuwa na michoro ya mabegi ya aina mbili: dogo la kwenda na kurudi, na kubwa la safari ndefu. Fundi alichagua kubwa. Huko alikokuwa akienda hakutegemea kurudi upesi.

Mambo yalianza kwa upole. Bintiye alikuwa mtunza vitabu katika maktaba ya mtaa, na mkubwa wake wa kazi alimpa rafu tupu iliyo karibu na dirisha, akamwambia aijaze vitabu vya kuwafundisha watu mambo ya kufanya nje: kutembea, kupiga kambi, kuogelea, kutazama ndege. Vitabu vilivyopatikana vilikuwa vingi, na yeye alitaka kuweka vile tu ambavyo angeweza kumpa mtu na kumtazama usoni siku anapovirudisha. Muda wa kuvisoma vyote hakuwa nao. Basi akawa anakuja navyo nyumbani, viwiliviwili.

"Baba, nisomee hivi," alisema. "Uniambie kama vinamfaa mtu anayeanza."

Fundi hakuwa mtu wa shule nyingi. Kushona alijifundisha kwa kufumua nguo za watu na kuzishona upya, na kusoma alikuendeleza kwa magazeti aliyofungia nguo za wateja. Kitabu alikisoma kama anavyokata kitambaa: anapima kwanza, anapima tena, ndipo anafungua mdomo. Jioni wakinywa chai alimpa binti yake hukumu yake, na binti alimsikiliza kweli kweli. Tangu alipofunga duka kwa sababu ya goti na kuhamia hapa ghorofani kwa bintiye, hakuna kazi iliyokuwa imemkaa vizuri kama hii.

Kisha akasikia yale aliyoyasikia.

Alikuwa anatoka bafuni, anajikongoja na fimbo yake kwenye ushoroba. Bintiye alikuwa sebuleni, anaongea kwenye simu na kaka yake aliyehamia ng'ambo zamani, kwenye nchi ya baridi.

"Kaka, mimi nimeshaamua. Baba lazima aende nje. Hapa ndani anazeeka tu... La, sijamwambia waziwazi, atakataa. Namzoesha kidogo kidogo. Nampa vitabu vya nje... Ndiyo, siku za mwanzo nitakuwa naye, halafu atazoea mwenyewe."

Fundi alisimama pale na taulo begani mpaka maji yakamkauka mwilini.

Kwa fundi wa nguo, neno "nje" lina maana yake, na halina utani. Kitambaa cha nje. Zipu ya nje, isiyokwama. Na wateja wake walipomwambia, "Fundi, unishonee suti, naenda nje," hakuna hata mmoja aliyekuwa anakwenda uani. Walikuwa wanapanda ndege. Baadhi yao hakuwaona tena.

Tangu hapo kila kitabu kilichokuja kilimthibitishia. Kilikuja cha kuvaa nguo wakati wa baridi kali. Akakumbuka picha za mwanawe, amejifunga koti kama mzigo wa kupelekwa posta. Kilikuja cha ramani na dira: hicho ni ili asipotee kwenye miji ya watu. Siku moja binti akasema, "Kesho nakuletea kitabu cha ndege," na Fundi akakosa usingizi. Kitabu kilipokuja kikawa cha ndege wenye manyoya, akajua kwamba bintiye anamhurumia, anamsogeza taratibu. Kilichomtatiza ni cha kuogelea. Alikifikiria sana, mpaka akakumbuka kwamba ndege za kwenda ng'ambo hupita juu ya bahari. Basi akakisoma kwa makini kuliko vyote. Bintiye alimkuta amelala kifudifudi juu ya stuli, anapiga mikono hewani, akacheka mpaka akaketi chini. Fundi naye alicheka, kwa shingo upande.

Hakumuuliza. Nyumba ilikuwa na chumba kimoja cha kulala, na chumba hicho binti alikuwa amempa yeye. Mwenyewe alilala sebuleni kwenye kochi, miguu ikining'inia. Mtoto ana haki ya kukitaka kitanda chake. Fundi aliliweka jambo hilo kifuani, akalibeba kimya kimya, akijikaza.

Lakini kwenda hakutaka. Mchana kutwa alikaa dirishani akitazama suruali zinavyopita barabarani. Pindo alizozikunja mwenyewe alizitambua kutoka huku juu. Huko ng'ambo angetazama pindo za nani?

Sasa alifika mwisho wa mkanda, akakata uzi. Mlango ukagongwa.

"Hodi humo! Nimekuja kumchukua bibi harusi."

Alikuwa Kinyozi, mwenye kibanda cha kunyolea chini ya jengo hilihili, rafiki yake wa kutaniana. Fundi alikuwa amemwahidi cherehani. Mke wa Kinyozi aliitamani siku nyingi, na begi la safari, hata likiwa kubwa namna gani, halimezi cherehani.

"Karibu. Bibi harusi hajamaliza kazi. Umebaki mkanda mmoja."

"Basi nisubiri?"

Fundi alitazama saa ya ukutani. Binti alikuwa karibu kutoka kazini. Hakutaka aikute cherehani ikibebwa, maana angelia, na akilia itabidi mtu aseme jambo.

"Usisubiri. Chukua. Huo uliobaki nitaushona kwa mkono."

"Turubai hili? Kwa mkono? Vidole vyako vitakushitaki."

"Nina kastabini."

Kinyozi alifungua skrubu, akaitoa cherehani juu ya meza yake ya chuma, akaikumbatia. Kisha akasita pale pale, amekumbatia.

"Mzee mzima, unakwenda kuishi ndani ya friji."

"Nimejifunza. Nguo nyembamba tatu ni bora kuliko nene moja. Hewa inakaa katikati."

"Na hewa ya hapa imekukosea nini?"

Fundi alijifanya anatafuta kitu mezani.

"Ona anavyoninyamazia," Kinyozi alisema. "Nilikuwa nangoja ushuke tena, unifungie kitambaa shingoni mwa wateja kwa pini, bila kuwachoma, kama siku za duka lako. Mimi nawachoma. Wamenizoea, lakini nawachoma."

"Mwendo, bwana. Ngazi zina giza."

Kinyozi alishuka na cherehani, akarudi, akaichukua na meza yake. Fundi alimshikia mlango. Palipokuwa na cherehani pakabaki alama nne za miguu sakafuni na vumbi la nyuzi. Akaketi kitandani, akalivuta begi mapajani, akatia pini mdomoni moja moja, akaanza kubana mkanda wa pili.

Ndipo sauti zikapanda kutoka kwenye ngazi.

"Shikamoo, mzee. Hiyo si meza ya cherehani ya Baba?"

"Marahaba, binti. Ndiyo yenyewe. Cherehani nimeshaishusha. Amenigawia, kwa kuwa anakwenda nje."

"Anakwenda nje?" Sauti ya binti iliruka kwa furaha. "Amekubali? Amesema mwenyewe?"

Fundi alisikia furaha ile, akachoma pini iliyofuata mahali pasipo pake.

"Mbona unafurahi hivyo?" Kinyozi aliuliza, na utani ulikuwa umemtoka. "Baba mwenyewe ni huyuhuyu mmoja."

"Kwa nini nisifurahi? Mwaka mzima namzunguka! Aende hata leo, kabla jua halijazama."

"Leo! Na tiketi?"

"Tiketi ya nini? Pale hawatozi kitu."

"Hawatozi! Na pasipoti je?"

"Pasipoti ya kwenda bustanini?"

"Bustani gani?"

"Ile ya nyuma ya maktaba. Yenye mabenchi."

Kitu kizito kikawekwa chini kwenye ngazi, chuma kikalia. Kisha Kinyozi akaanza kucheka, kicheko cha kuanzia mbali, kikawa kinapanda ghorofa kwa ghorofa mpaka milango ikafunguliwa.

Fundi alitaka kuita, lakini mdomo ulikuwa umejaa pini. Akazitoa moja moja, akazichoma kwenye kifuko chake cha pamba, kwa utaratibu uleule wa siku zote. Pini hazijali mtu ana nini moyoni. Alipomaliza ya mwisho, bintiye alikuwa amesimama mlangoni, mkoba bado begani, anatazama pale palipokuwa na cherehani.

"Baba. Hilo begi ni la nini?"

"La kwenda nje."

"Nje wapi?"

"Kwa kaka yako."

Binti aliketi kando yake kitandani. Alifungua begi, akatazama ndani. Mlikuwa na shati jeupe lililokunjwa, mkasi mdogo, picha ya mama yake iliyofungwa kwenye kitambaa, na nguo nyembamba tatu.

"Ulidhani nakufukuza," alisema taratibu.

"Sikudhani unanifukuza. Nilidhani unanisafirisha."

"Kuna tofauti?"

"Ipo. Anayefukuzwa hapewi vitabu."

Binti alicheka, halafu kicheko kikamharibikia njiani, akajifuta macho kwa kiganja. Fundi alimwacha. Alijua mshono uliokaza sana hauvutwi.

"Na mbona hukuniuliza, Baba?"

"Ningekuuliza, ungesema kweli. Na kweli ile sikuitaka."

"Kwa hiyo ulikuwa unakwenda tu, hivihivi, na hutaki?"

"Unalala kwenye kochi, mwanangu."

"Kochi lile nalipenda! Kitanda hiki kina bonde katikati, nani angelala humu kwa amani? Nilikupa ili nikikimbie."

Fundi alibonyeza godoro kwa kiganja. Ni kweli, bonde lilikuwapo. Siku zote alidhani amelichimba yeye.

Binti alisema tena, na safari hii sauti yake haikuwa na mzaha.

"Na mimi nikuulize. Nilimwambia Kaka lazima uende nje kwa sababu nilikuwa naogopa. Natoka asubuhi uko dirishani, narudi jioni uko dirishani. Nikiwa kazini nakuwaza hivyo, kama picha iliyotundikwa. Ni goti?"

Fundi alilifikiria swali. Hakupenda kulilaumu goti kwa makosa yasiyo yake.

"Goti lina sehemu yake," alisema. "Lakini ukishuka ngazi hizi, huwezi kwenda popote bila kupita lilipokuwa duka. Sasa wanatengeneza simu pale. Na watu wataniuliza, Fundi, siku hizi uko wapi? Niwajibu nini? Niko dirishani?"

Binti alitikisa kichwa polepole, naye akatazama dirisha.

"Ni kosa langu vilevile," alisema. "Hata pale maktaba nimebandika karatasi kwenye rafu, herufi kubwa: VITABU VYA NJE. Kila anayekuja ananiuliza habari za viza. Jana kijana mmoja amekaa na kitabu cha mahema, anakigeuza, anakigeuza, mwisho ananiuliza, 'Dada, kwani huko nyumba hakuna?' Nikadhani ananitania."

Fundi alicheka mpaka begi likamteleza mapajani.

"Haya," binti alisema, akiliokota. "Rafu ninayo bado. Vitabu vyote umesoma. Nipe hukumu yako ya mwisho. Kipi nimpe mtu ambaye hajatoka siku nyingi, na ana aibu, na goti moja?"

Hapo Fundi alikaa vizuri. Hili lilikuwa swali la kazi.

"Cha mahema usimpe. Mwandishi anajipenda. Anasimulia alivyokuwa hodari tangu utotoni, hema lenyewe linasimama kitabu kimeisha. Cha mafundo ni kizuri, lakini mchoraji amechora kama mtu aliyesimama mbele yako, kwa hiyo kamba yako inakwenda kinyume. Mimi nilikiweka mbele ya kioo ndipo nikafanikiwa. Mwambie msomaji mapema, asije akajiona mjinga."

"Nitaandika ndani ya jalada. Cha ndege?"

"Picha zinapendeza, ila ni kizito kama tofali. Ndege yuko juu ya mti, wewe umebaki mezani na kitabu. Kiweke, lakini kwa mtu mwenye dirisha. Mimi nimeshawatambua wote wanaotua kwenye nyaya pale. Cha kuogelea kinaeleza vizuri sana, mpaka unasahau kwamba huna maji."

"Na huyo mtu wangu?"

Fundi alinyoosha mkono chini ya mto, akatoa kitabu chembamba, kimekunjwa kona. Hakikuwa na picha juu, neno tu: kutembea.

"Mwandishi huyu anaanzia mlangoni," alisema. "Ukurasa mzima wa kwanza ni wa kufunga viatu. Anakwambia uvifunge umeketi, usivifunge umesimama kwa haraka. Siku ya kwanza anakutaka ufike tu mahali pa kukaa, ukae, urudi. Hakuna mlima. Na kila sura inaeleza kwanza ufanye nini ukishindwa, ndipo ufanye nini ukiweza. Hivyo ndivyo mtu anavyofundishwa. Mimi mwanafunzi wangu nilimfundisha kufumua kabla ya kushona."

"Ulikisoma chote?"

"Mara mbili. Nilidhani ni cha uwanja wa ndege. Wanasema kuna kutembea kwingi."

Binti alikipokea kitabu, akakishika kwa mikono miwili.

"Basi hiki ndicho kitatangulia kwenye rafu. Na ile karatasi nitaibandua. Niandike nini?"

"Andika, vitabu vya kutoka mlangoni. Hapo hakuna atakayefunga mizigo."

Kutoka barabarani sauti ya Kinyozi ikapaa mpaka dirishani.

"Fundi! Wewe Fundi! Cherehani iko kwenye kibaraza changu, na mgongo wangu umegoma! Kuishusha niliishusha, kuipandisha sitaipandisha! Halafu mke wangu ameshaiona. Nikimwambia imerudi kwa mwenyewe, atanilaza nje!"

Fundi alisogea dirishani, akachungulia chini.

"Nje ipi?" akauliza.

Kinyozi aliangua kicheko tena. Alijipiga paja, akaketi kwenye stuli yake ya kunyolea. Cherehani ilikuwa kando yake, juu ya meza yake, imefunikwa kitambaa cheupe cha wateja. Ilionekana kama mtu anayengoja zamu ya kunyolewa.

Fundi aliitazama kwa muda mrefu. Ngazi alizijua zilivyo. Palikuwa na mahali pa kupumzika katikati, na chuma cha kushikilia upande wa mkono wa kulia. Na kwenye kibaraza cha Kinyozi palikuwa na mahali pa kukaa.

"Iache hapohapo!" aliita. "Usiku uiingize ndani, isipate umande. Kesho nitashuka mwenyewe, nina kazi ya kumalizia. Mwambie mkeo naye aje, nimwoneshe inavyotiwa uzi. Tutaitumia pamoja."

"Utashuka?" Kinyozi aliuliza, na sasa hakuwa anacheka.

"Nimesema nitashuka."

Aligeuka. Bintiye alikuwa ameinamisha kichwa, anapanga shati na nguo nyembamba tatu kwenye kabati. Picha ya mama yake alikuwa ameirudisha mahali pake ukutani.

Begi tupu lililala kitandani, kubwa kama gunia. Fundi alilinyanyua, akalipima kwa macho.

"Hili halina kazi bustanini," alisema. "Nikilivaa watadhani nahama kweli. Nipe wembe."

"Unalifumua? Baba, umelishona siku ngapi!"

"Linatoa mabegi mawili madogo, ule mchoro wa kwanza. Mikanda miwili tayari ninayo, miwili nitaikata kwenye kipande cha nyuma. Moja langu, moja lako. Wewe si umesema siku za mwanzo utakuwa nami? Shika hapa."

Binti alishika ncha moja, yeye akashika nyingine, akapitisha wembe kati ya nyuzi. Mshono ulikuwa wake mwenyewe, mzuri, haukutaka kuachia. Uliachia kidogo kidogo, kwa sauti ndogo ya kukatika. Upande mmoja ulipofunguka, turubai likalala bapa juu ya shuka, na sehemu iliyokuwa imekunjwa ndani ya pindo la zamani ikaonekana. Jua halikuwahi kuifikia. Ilikuwa ya kijani kibichi, kama siku ile aliyolinunua.

"Ona," binti alisema.

Fundi aliipitishia kidole. Kisha akachukua chaki, akaanza kuchora mstari wa kukatia, akaufikisha katikati, akasimama. Mwanga wa dirishani ulikuwa umepungua, na kitambaa kikishakatwa hakirudi.

"Upande huu wa kijani tutaugeuza, uwe wa nje," alisema.

Aliweka wembe na chaki kando, akaweka mkasi juu ya kitabu. Kisha akauliza viatu vyake viko wapi. Binti alivitoa chini ya kabati, akavipangusa vumbi, akaviweka karibu na mlango pamoja na kiti, ili kesho avifunge akiwa ameketi.